Somo: Theluji imefunga shule, leo huendi kazini. Siku usiipoteze

Ninafanya kazi jikoni katika shule moja hapa Minneapolis, Marekani. Theluji ikizidi tunatumiwa ujumbe saa kumi na moja alfajiri: leo hakuna shule. Mwaka wangu wa kwanza niliusoma ujumbe ule mara tatu, nikidhani nimefukuzwa kazi kiungwana. Mwaka wa pili nilifurahi, lakini ilipofika saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, nami bado niko kwenye kochi, simu mkononi, chaji asilimia nne, macho yanawasha. Siku ililiwa na simu. Tangu hapo nina utaratibu wangu, na ninawaandikia wanachama wenzangu, hasa wageni waliofika huku mwaka huu.

Hatua ya 1: Kumbuka gari liko wapi

Najua unataka kurudi kulala. Subiri kwanza. Jiji likitangaza dharura ya theluji, kuegesha barabarani kuna zamu. Usiku wa kwanza, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, hakuna kuegesha upande wowote kwenye barabara zilizowekewa alama za dharura ya theluji. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kwenye mitaa mingine unaacha wazi upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, saa zilezile, ni zamu ya upande wa witiri. Shemeji yangu alichanganya siku ya pili na ya tatu, akaamka gari limevutwa. Pumziko lake lote likaishia kwenye foleni ya kulikomboa. Walio miji mingine, someni taratibu za kwenu, maana kila mji una zake.

Ukishahakikisha, rudi kitandani saa moja zaidi. Hiyo ni halali yako.

Hatua ya 2: Uji, halafu beleshi

Usitoke na tumbo tupu. Mimi hunywa uji wa ulezi na limao, kisha navaa nguo tabaka tabaka: ya kunyonya jasho ndani, ya kuleta joto katikati, ya kuzuia upepo juu. Paka mafuta ya kupikia kwenye beleshi, theluji haitagandia. Sukuma, usinyanyue, ukilazimika kunyanyua, chota kidogo na upige magoti, mgongo usiukunje. Wazee na wenye presha au moyo wawaachie vijana, kwa sababu kazi hii kwenye baridi kali hupandisha mapigo ya moyo ghafla na watu hufa kweli.

Hapa mwenye nyumba ya familia moja au mbili ana saa 24 baada ya theluji kukoma kusafisha njia ya waendao kwa miguu. Kwa hiyo huna haja ya kuimaliza kwa pupa. Piga nusu saa, ingia ndani, rudi baadaye. Chumvi nayo usiimwage ovyo: baridi ikipita nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida karibu haifanyi kitu. Tumia mchanga, angalau usiteleze.

Kabla ya kuwasha gari, fukua theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, moshi unarudi ndani na kuua. Na usimwage maji ya moto kwenye kioo, kinaweza kupasuka.

Hatua ya 3: Kanda unga wa mahamri kabla ya saa nne

Hapa ndipo siku inapoanza kuwa yako. Vikombe vinne vya unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, hamira kijiko cha chai kilichojaa, chumvi chembe, iliki uliyoitwanga mwenyewe. Pasha tui la kopo hadi liwe vuguvugu; chovya kidole, usihisi moto wala baridi. Mimina kidogo kidogo ukikanda mpaka donge liache kunata mkononi.

Shida ya huku ni kuumua. Tanga ungeliacha juu ya meza na lingepanda wakati unafagia uwanja. Huku nyumba ni baridi, donge linakaa kama jiwe la kusagia. Mimi huliweka ndani ya oveni iliyozimwa, nawasha taa yake tu, nafunga mlango. Baada ya saa moja na nusu hivi limekuwa maradufu. Ukifungua, harufu ya iliki na hamira inakupiga usoni. Mwanangu huacha katuni akaja mwenyewe bila kuitwa.

Hatua ya 4: Piga simu nyumbani

Wakati unga unaumuka, piga. Majira haya Afrika Mashariki wako mbele yetu kwa saa tisa, kwa hiyo saa tatu asubuhi yako ni saa kumi na mbili jioni yao. Ukingoja hadi mchana utakuta watu wanatandika vitanda. Mwaka jana nilimwonyesha mama theluji kupitia dirisha. Akaitazama kimya, kisha akauliza: "Sasa yote hiyo mnaitupa wapi?" Nilicheka, lakini ni swali la maana. Malori huisomba na kwenda kuirundika kwenye viwanja.

Hatua ya 5: Acha

Usipange kabati. Usifue. Sogeza kiti kwenye dirisha linalotazama kusini kati ya saa tano na saa nane, jua lisilo na joto likumulike, chai ya tangawizi pembeni. Suka mtoto nywele taratibu, bila kutazama saa. Cheza bao kama unalo. Simu iache chumbani.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Des Moines: Mimi nalipwa kwa saa. Nisipoenda silipwi. Nitafurahije?*

Dada yangu, pole, hata mimi nimo humo humo. Kwanza muulize msimamizi kama siku za likizo ulizojikusanyia zinaweza kutumika, au kama kuna zamu ya kufidia, wengi hawaulizi. Halafu kila msimu nikianza kazi natenga ujira wa siku mbili. Haiondoi maumivu, ila kodi ya nyumba haitikisiki. Jambo moja tu: usiende barabarani kwenye barafu kutafuta vibarua vya siku hiyo.

*Kaka wa Makete: Huku mwezi wa sita na wa saba sakitu inatanda shambani, nasi tunaota jiko la mkaa ndani. Mbona ninyi mnakatazana kuingiza mkaa ndani?*

Kaka, nyumba za huku zimezibwa kila tundu ili joto lisitoke, na hewa ya sumu ya mkaa haitoki pia. Haina harufu, haina rangi. Unasinzia tu na huamki. Hata huko Makete ni hatari mkifunga madirisha, hasa mkilala na jiko. Likoleeni nje, oteni moto sehemu yenye hewa, mkienda kulala litoeni. Wa huku: umeme ukikatika, vaeni koti na blanketi, mkaa na jenereta visiingie ndani kabisa.

*Mama wa Columbus: Watoto wanataka kucheza nje. Baridi gani ni nyingi mno?*

Tazama kipimo kinachohesabu na upepo. Kikifika nyuzi 28 za Selsiasi chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Wangu hawatoki kikikaribia hapo. Siku za kawaida dakika ishirini, ndani kukausha soksi, kisha tena.

*Mdogo wetu wa Portland, Maine: Oveni yangu taa yake haitoi joto lolote. Donge limelala.*

Hizo taa mpya ndivyo zilivyo. Weka bakuli la maji yaliyochemka rafu ya chini, donge juu yake, funga mlango. Maji yakipoa badilisha. Na usifungue kila dakika tano kuchungulia, mdogo wangu, nakujua.