Somo: Krimu katika kahawa, inaondoa nini na inaongeza nini

Wengi wetu tunapotia krimu katika kahawa tunaamini kwamba tunaongeza utamu. Vipimo vinaonyesha vingine: gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina karibu gramu 5 za sukari ya maziwa, ilhali krimu nzito ya uzito huohuo ina takriban gramu 3 tu, na sukari hiyo, iitwayo laktosi, haiufikii hata kidogo utamu wa sukari ya miwa. Utamu tunaouonja basi hautokani sana na kilichoongezwa, bali na kilichoondolewa. Somo hili linakuonyesha namna ya kulihakikisha jambo hilo jikoni kwako kwa vikombe vinne, kisha namna ya kuitengeneza kahawa inayostahili krimu. Krimu ninayoizungumzia ni ile ya maziwa, ambayo wengine huiita malai.

Kabla ya kuanza, tukubaliane juu ya maneno matatu, kwa sababu wanafunzi wangu wengi huyachanganya. Uchungu ni ule wa mwarobaini. Uchachu ni ule wa ndimu, nao katika kahawa nzuri ya mlimani ni sifa wala si kasoro. Ukakasi si ladha hasa, bali ni hali ya ulimi kukauka na kukwaruza, kama baada ya kutafuna bibo au ndizi mbichi. Krimu huyagusa yote matatu, lakini kila moja kwa njia yake, na asiyeweza kuyatenganisha atabaki kusema tu kwamba kahawa "imelainika".

Hatua ya kwanza ni kuandaa vitu. Utahitaji gramu 30 za kahawa iliyosagwa, nusu lita ya maji, krimu nzito yenye mafuta ya asilimia 35 au zaidi (kiwango huandikwa kwenye pakiti), na maziwa yasiyotolewa mafuta. Toa krimu na maziwa kwenye friji nusu saa kabla, ili tofauti utakayoionja isiwe ya baridi na moto. Usitie sukari popote.

Hatua ya pili ni kuipika kahawa. Maji yanayofaa yana joto la nyuzi 92 hadi 96 za Selsiasi. Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa aepue birika na kusubiri kama nusu dakika baada ya maji kuchemka. Aliyeko Nairobi hana haja ya kusubiri, kwa kuwa katika mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mimina maji juu ya kahawa, funika kwa dakika 4, kisha chuja kwa kitambaa safi au chujio la karatasi.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye siri. Gawa kahawa katika vikombe vinne vya mililita 100 kila kimoja. Cha kwanza kiache kitupu, yaani kahawa peke yake bila kutiwa kitu. Katika cha pili tia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya uvuguvugu, yaani mililita 15. Katika cha tatu, kijiko kama hicho cha krimu. Katika cha nne, kijiko kama hicho cha maziwa. Kikombe cha maji kinaweza kuonekana kama mzaha, lakini bila hicho hutajua ni mabadiliko gani yameletwa na krimu yenyewe na ni yapi yaliyoletwa na kuizimua kahawa tu.

Hatua ya nne: subiri kahawa ipoe kiasi cha kunyweka bila kupuliza, ziba pua kwa vidole, kisha onja vikombe vyote kwa zamu, ukisukutua kinywa kwa maji kila baada ya kimoja. Pua ikiwa imezibwa, ulimi hubaki peke yake, nao hukupa habari za uchungu, uchachu, ukakasi na uzito wa kinywaji. Kisha rudia ukiwa umeachia pua, na andika kilichoongezeka.

Haya ndiyo utakayokutana nayo. Kikombe cha maji hutofautiana kidogo sana na kile kitupu. Katika kikombe cha maziwa, ukakasi umepungua waziwazi, kwa sababu protini ya maziwa iitwayo kaseini hushikamana na polifenoli za kahawa, yaani chembe zinazoleta ukakasi, kabla hazijaugusa ulimi. Kwa kazi hii maziwa hayashindwi na krimu, kwani kijiko kwa kijiko yana protini nyingi zaidi. Uchachu pia hushuka, maana protini na madini ya maziwa hupunguza makali ya asidi. Krimu inapojitenga na maziwa ni katika mafuta. Kijiko kimoja cha krimu ya asilimia 36 kina zaidi ya gramu 5 za mafuta, kiasi ambacho ungekipata kwa kutia mililita 150 hivi za maziwa, na ukifanya hivyo huna kahawa tena bali maziwa yenye rangi. Mafuta hayo huufunika ulimi kwa utando mwembamba, hukifanya kinywaji kiwe kizito, na huzivuta kwao baadhi ya chembe za uchungu zinazopenda mafuta kuliko maji.

Chembe za harufu nazo hupenda mafuta, na hapo ndipo krimu inapodai malipo yake. Ukiachia pua na kunusa kikombe cha tatu, utaona kwamba manukato ya maua na matunda yaliyokuwamo katika kikombe kitupu yamefifia, na yaliyobaki ni ya karanga, chokoleti na ukaango. Hayakupotea yote, yamefungwa ndani ya mafuta na hutoka polepole, kwa hiyo ladha ya mwisho, baada ya kumeza, hukaa kinywani muda mrefu zaidi. Kwa maoni yangu, kuitia krimu kahawa ya Kilimanjaro iliyokaangwa kidogo ni kununua kanga na kuivaa kwa ndani.

Hatua ya tano ni kuirekebisha kahawa yenyewe, badala ya kuendelea kuongeza krimu. Chagua iliyokaangwa hadi kukolea rangi, na upandishe kiasi: badala ya gramu 30 kwa nusu lita, tumia 38 hadi 40. Anza na kijiko kimoja cha chai cha krimu kwa kikombe, onja, kisha ongeza. Kwangu mimi vijiko viwili vya chai hutosha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nyeri: Mwalimu, krimu yangu hukatika na kuwa vipande mara inapogusa kahawa, ingawa haijapita tarehe. Nakosea wapi?

Jibu: Kaseini huganda yenyewe asidi inapofikia pH ya 4.6 (pH ni kipimo cha asidi, na namba ikishuka asidi huzidi), na kahawa iliyochujwa huwa karibu na 5. Joto likiwa kali, kuganda huanza hata kabla ya kufika kiwango hicho. Kahawa za kwenu zinasifika kwa uchachu wake, na krimu iliyokaa wazi kwa siku kadhaa huwa imeanza kuchacha hata kama tarehe haijafika. Tumia krimu mpya, isiwe baridi sana, itangulize kikombeni, kisha mimina kahawa juu yake taratibu huku ukikoroga.

Mwanachama wa Bukoba: Je, robusta yetu inafaa kwa krimu, au ni ya kutafuna tu?

Jibu: Inafaa kuliko arabika nyingi. Robusta ina kafeini takriban mara mbili, ina uchungu mwingi na uzito kinywani, wala haina manukato laini ya kusikitikia. Krimu huondoa pale palipozidi, na kinachobaki bado kina nguvu.

Mwanachama wa Tanga: Naweza kutumia malai ninayoyaengua juu ya maziwa ya kuchemsha, au tui zito la nazi?

Jibu: Malai ya nyumbani yana ladha nzuri, ila yapitishe kwenye chujio na kuyapiga kwanza. Nilipoyatia yalivyo, kahawa yangu iliota madoa ya mafuta juu kama mchuzi, kwa kuwa mafuta hayo hayakuvunjwavunjwa kama ya kiwandani. Tui ni jambo jingine. Lina mafuta lakini halina kaseini, kwa hiyo uzito utaupata, lakini usitarajie kwamba litauondoa ukakasi kama maziwa yanavyouondoa. Tena lina harufu yake, na hutengana upesi. Litumie kwa kuwa unapenda nazi.

Mwanachama aliyeko Muscat: Huku tunakunywa kahawa ya iliki na tende. Krimu itafaa?

Jibu: Tende zenyewe zinaifanya kazi ya kuupoza uchungu, kama kashata inavyofanya kwa kahawa chungu ya pwani. Mafuta ya iliki yatanaswa na krimu, na harufu uliyoigharimia itachelewa kutoka. Iache kahawa hiyo kama ilivyo.

Mwanachama wa Arusha: Nina kazi nyingi asubuhi na hunywa kahawa dakika 10 baada ya kuimimina. Nitie krimu mapema au wakati wa kunywa?

Jibu: Tia mapema. Kitu chenye joto kali hupoteza joto kwa kasi zaidi, kwa hiyo kahawa iliyokwisha kupozwa kidogo na krimu itapoa polepole, na baada ya dakika hizo 10 itakuwa na joto zaidi kuliko ile iliyosubiri ikiwa tupu na kutiwa krimu ya friji mwishoni. Ifunike kwa kisahani.