Bunduki Inapoponyoka Mkononi: Kutafuta Makosa ya Animesheni za Mikono na Silaha

Mchezo ninaoutengeneza hapa Shangani, Mtwara, unahusu Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, na silaha yake kuu ni gobore. Mchezaji huona mikono miwili na bunduki tu, kana kwamba anatazama kwa macho ya mpiganaji mwenyewe. Kwa hiyo kosa dogo la kiwiko, ambalo lisingetambulika kwa mhusika aliye mbali, hapa hujaa kioo kizima. Maelezo haya yanamfaa zaidi anayetumia Blender, programu ya kuchora maumbo na kuyapa mwendo, na Godot, injini ya kutengenezea michezo.

Kabla ya kugusa fremu (picha moja moja ya mwendo) hata moja, bainisha kosa limeanzia wapi. Toa faili la glTF, yaani lile linalobeba maumbo na animesheni kutoka Blender hadi kwenye injini, kisha ulifungue ndani ya Blender katika kazi mpya iliyo tupu. Ikiwa mkono umepinda hata hapo, kosa liko kwenye mifupa (kiunzi kinachoendesha umbo), kwenye uzito (kiasi ambacho kila mfupa huivuta ngozi) au katika namna ulivyolitoa faili. Ikiwa uko sawa, chunguza injini, kwa sababu kurudi kuchezea fremu ni kumaliza betri ya kompyuta bure. Niliwahi kuhangaika na vidole kwa siku tatu, kumbe nilikuwa nimebadilisha jina la mfupa baada ya kuhifadhi animesheni upande wa Godot, na injini ikawa inautafuta mfupa usiokuwapo huku mkono ukibaki katika mkao wake wa mwanzo.

Makosa ya kipimo ni mepesi. Bunduki ikitokea kubwa kama mnazi, huenda faili ni la FBX, aina nyingine ya faili la maumbo, ambalo kwa kawaida huhesabu kwa sentimita ilhali Blender huhesabu kwa mita, na tofauti yake ni mara 100. Bonyeza Ctrl na A uthibitishe kipimo cha mifupa na cha meshi (ngozi ya umbo) kuwa 1, lakini fanya hivyo kabla ya kuanza animesheni, kwani fremu za mahali zilizokwisha kurekodiwa hazibadiliki pamoja na mifupa. Ngozi ikichanika kwenye kifundo ndani ya injini pekee, hesabu mifupa inayoivuta kila nukta ya meshi: mara nyingi injini huchukua minne tu na kuiacha iliyozidi.

Tatizo lililonisumbua kuliko yote ni la nani amebeba nani. Wengi wetu huufanya mfupa wa bunduki kuwa mtoto wa mfupa wa mkono wa kulia, yaani uufuate kila unapokwenda, na kwa silaha ya kufyatua tu hilo latosha. Gobore, hata hivyo, hujazwa kupitia mdomo wa mtutu: mkono wa kushoto huishikilia bunduki, na wa kulia humimina baruti, huchomoa ufito na kushindilia. Mkono wa kulia unapoinuka, bunduki nzima huinuka nao. Ukijaribu kuirudisha kwa fremu za kinyume, itatetemeka, kwa kuwa miondoko hiyo miwili hukutana kwenye fremu ulizorekodi tu na hupishana katikati yake.

Dawa yake ni kuuweka mfupa wa bunduki chini ya mfupa wa mzizi, ule unaobeba mifupa mingine yote, ufito upewe mfupa wake, kisha mikono ndiyo iifuate bunduki kwa IK (njia ambayo kiganja huwekwa mahali pake na kiwiko hujipinda chenyewe), kila mmoja ukiwa na kifungo, yaani kanuni inayoushikiza kwenye bunduki, kinachoweza kuwashwa na kuzimwa. Katika fremu ya kuachia, rekodi mahali mkono unapoonekana kabla ya kuzima kifungo, la sivyo utaruka. (Mimi nilimrekodi rafiki yangu kwa simu akishindilia kwa mchi wa kinu, na ndipo nilipotambua kwamba fremu ya kuachia niliiweka mapema mno.) Kwa kuwa glTF hubeba mwendo wa mifupa bila vifungo vyenyewe, hakikisha kila fremu inachukuliwa sampuli unapotoa faili. Blender huanza na fremu 24 kwa sekunde, na Godot huingiza kwa 30. Tofauti hiyo inaweza kuzaa mkao wa katikati ambao hukuuchora, na bunduki ikaruka kwa kufumba na kufumbua. Weka 30 pande zote mbili kabla hujaanza.

Mwisho, sogeza kamera pembeni na uicheze animesheni kwa kasi ya sehemu moja ya kumi. Ikiwa kiganja cha kushoto kinateleza juu ya mtutu huku kiwiko kimenyooka kabisa, usilaumu kifungo: gobore ni refu na mkono umeishiwa urefu, kwa hiyo irudishe bunduki karibu na bega mpaka kiwiko kikunjike kidogo.