SOMO: Mashine ya kushindilia taka imekwama, fanya hivi

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Mashine imekwama, niingie vipi?" Naandika mara moja hapa, kazi yote tangu lori linapofika; kukwama kwenyewe ni hatua ya 4. Someni kabla ya kuniuliza tena.

1. Pima lori kwenye mizani, soma karatasi ya mzigo.

2. Mwaga taka sakafuni kwanza, zitandaze, chambua. Mitungi ya gesi, makopo ya kupuliza, mapipa yaliyofungwa na betri viwekwe kando. Betri ya lithiamu ikipondwa hushika moto, na ukiuzima unaweza kuwaka tena.

3. Lisha mashine kidogo kidogo, jicho kwenye geji ya shinikizo.

4. Kuondoa kilichokwama. Hapa ndipo nilipokosea. Ubao ulinasa chini ya bamba la kusukumia. Nikabonyeza kitufe chekundu cha dharura, nikaingia na mtaimbo. Mwenzangu alikuwa upande wa pili, haoni nilipo. Alikuta mashine imezimika, akakiachia kitufe na kuiwasha. Niliposikia pampu inanguruma niliruka, bamba likabaki na kiatu changu. Kamba zilikuwa zimelegea, ndiyo maana mguu ulitoka.

Kitufe cha dharura husimamisha mashine tu, hakimzuii mtu kuiwasha. Kata umeme kwenye swichi kuu, piga kufuli lako mwenyewe, ufunguo ukae mfukoni mwako. Mkiingia wawili, makufuli mawili. Kisha jaribu kuwasha, isipoitika, endelea. Bado kuna shinikizo la mafuta ndani ya mabomba: fundi alishushe hadi geji isome sifuri, na bamba likingwe kwa chuma. Na kama kulabu ndefu inafika, usiingie kabisa.

5. Ukifungua mlango wa kontena, simama pembeni. Taka zilizobanwa husukuma.

MASWALI

harakazamu: Mkuu, mambo ya makufuli yanakula muda na malori yanasubiri. Si nichomoe tu kilichokwama chapchap?

Jibu: Hapana. Rudia hatua ya 4.

harakazamu: Nimesoma. Sisi tuko wawili tu, tunaaminiana.

Jibu: Na mimi nilimwamini mwenzangu. Hakuwa na kosa lolote, hakuniona.

mgeni_mizani: Shikamoo mwalimu. Kwa nini kontena mbili zinalingana ukubwa, lakini moja inakataliwa kwenye mizani?

Jibu: Marahaba, umeuliza jambo la maana. Kushindilia hupunguza nafasi, uzito unabaki palepale. Maboksi na plastiki vimejaa hewa, kwa hiyo vinabanwa sana. Vifusi na vyuma vizito havina hewa ya kutoa: lori litazidi uzito kontena likiwa bado na nafasi tele. Hivyo vipeleke kwenye kontena la wazi. Tope nalo lichujwe kwanza, maji hayabanwi, yatatafuta upenyo yamwagike barabarani.

dada_wa_zamu: Bomba la haidroliki likivuja huwa napapasa kutafuta tundu. Ni sawa?

Jibu: Dada yangu, acha leo hii, hata ukiwa na glavu. Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi kama sindano. Alama huwa ndogo na huenda isiume, lakini ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Funga kipande cha boksi kwenye fimbo ndefu, kipitishe kando ya bomba; kitalowa penye tundu.

fundi_pampu: Niongeze: kila kufuli liwe na kibao chenye jina na picha ya mwenyewe. Sisi tunafanya hivyo, hakuna anayeuliza ni la nani.

Jibu: Asante fundi. Naiingiza kwenye hatua ya 4.