Kufundisha swipu: anza na gadi wako wawili, mbio baadaye

Makocha wengi wapya wa futiboli ya Kimarekani wakisikia swipu (mchezo wa kuukimbiza mpira kuzunguka pembeni ya laini) wanakimbilia kumtafuta kijana mwenye mbio kuliko wote, wanampa mpira, wanamwambia zunguka huko nje. Mimi nafundisha laini ya mbele kwenye timu ya hai skuli huku Ohio na nakwambia ukianzia hapo umeshapotea, manake swipu ni kazi ya gadi wawili (wale wa laini wanaokaa kulia na kushoto kwa senta, mtu wa katikati) wanaochomoka kwenye laini na kuutangulia mpira, mkimbiaji ni abiria tu mpaka wao wafungue njia. Timu ya kulipwa ya Green Bay Packers chini ya kocha Vince Lombardi, aliyefika pale 1959, ilitesa watu na mchezo huu miaka nenda rudi, gadi Jerry Kramer na Fuzzy Thurston mbele, Paul Hornung au Jim Taylor nyuma yao. Na Lombardi kabla ya hapo alifundisha hai skuli, St. Cecilia kule New Jersey, kwa hiyo usiseme haya ni ya maprofesheno.

Hatua ya 1: Panga watu
Natumia Wing-T, mpango wa kupanga watu wenye wingibeki pembeni, tuseme swipu inaenda kulia. Taiti endi (mtu wa mwisho wa laini) kulia, wingibeki (mkimbiaji wa pembeni) nje yake kidogo, fulbeki (mkimbiaji wa katikati) nyuma ya kwotabeki (anayepokea mpira kwanza na kuugawa), na mbeba mpira anaanzia upande wa kushoto. Ita mchezo huu upande wenye nafasi. Uwanja una upana wa yadi 53 na kitu, na alama za hai skuli, zile zinazoonyesha mpira unaanzia wapi, zinaugawa mara tatu sawasawa, yaani mpira ukiwa alama ya kushoto una theluthi mbili nzima za uwanja kulia kwako. Mbona uende kujibana kwenye mstari?

Hatua ya 2: Kila mtu na mtu wake
Wingibeki, taiti endi na takli wa kulia (aliye kati ya gadi na taiti endi) wote wanaziba, yaani wanamzuia mpinzani kwa mwili, kuelekea ndani, kila mmoja anampiga mtu wa kwanza aliye upande wake wa ndani. Senta anaziba kuelekea kushoto, pale gadi wa kushoto alipohama. Fulbeki anapita katikati amejikunja kama ana mpira na anaziba pengo la gadi wa kulia. Usimwache alegee, akipita kivivu lainibeka (walinzi wanaosimama nyuma ya laini ya wapinzani) hawadanganyiki.

Hatua ya 3: Gadi (hapa kaa wiki nzima, sitanii)
Gadi wa kulia anatoka kwanza. Hatua yake ya kwanza ni mguu wa kulia kufunguka kuelekea pembeni, huku anavuta kiwiko cha kulia nyuma kwa nguvu, kiwiko ndio kinageuza nyonga. Watoto wengi wanainuka kwanza halafu ndio wanageuka, wakiinuka tu wamechelewa, basi mwambie abaki chini kama anapita chini ya kamba ya nguo. Kazi yake ni kumsukuma nje mtu wa kwanza anayekuja kutoka pembeni, mara nyingi ni konabeki (mlinzi wa pembeni), anampiga na bega la kulia, kichwa kikiwa upande wa ndani, kati ya yule adui na mkimbiaji.

Gadi wa kushoto anatoka hivyohivyo ila anapita nyuma zaidi kidogo ili asigongane na watu, akifika ilipo nafasi anapinda kwenda mbele, NDANI ya mwenzake, na macho yake yanatazama ndani kumtafuta lainibeka. Akiweka macho nje, lainibeka anamkamata mkimbiaji wako kwa ulaini. Hilo nalirudia kila siku mpaka vijana wanalisema kabla yangu.

Kitu kingine, mkao. Gadi akijua anatoka huwa anaegemea nyuma na uzito unapungua mkononi, na difensi wenye akili wanaona. Mkao uwe uleule kila mchezo.

Hatua ya 4: Mkimbiaji avumilie
Msimu mmoja nilikuwa na kijana mwenye mbio za ajabu na kila swipu anagonga mgongo wa gadi wake, tunapata yadi mbili. Tulichofanya ni kumwambia aweke mkono kwenye kiuno cha gadi wa kushoto kwenye mazoezi, kutembea tu, mpaka mwili uzoee mwendo. Asome mgongo wa mwenzake: gadi akipinda, naye anapinda, halafu ndio anafungulia mbio.

Hatua ya 5: Mazoezi
Anza na gadi wawili, mkimbiaji na koni, bila difensi. Tembea, kisha nusu mbio, kisha mbio kamili. Rekodi na simu ukiwa nyuma yao, tazama hatua ya kwanza tu, mengine yatajirekebisha. Kisha ongeza laini yote. Wafundishe mapema kwamba mtu akiona namba ya mgongoni mwa mpinzani asimsukume, faulo hiyo ni yadi 10, na inauma zaidi mkimbiaji akiwa ameshapita.

Kwotabeki naye akishatoa mpira akimbie kushoto kila mara kama bado anao. Endi wa difensi (mtu wa mwisho wa laini yao) wa kule kushoto akianza kuacha nafasi yake ili aukimbize mpira, safari inayofuata mwambie kwotabeki asimpe mtu, auchukue mwenyewe atoke nao kushoto.