Kushughulikia Kelele za Sakafu ya Marumaru ya Jirani wa Ghorofa ya Juu

Nyumba nyingi za Mtwara bado ni za chini. Kwa sababu hiyo, mpangaji anayehamia kwenye jengo la ghorofa, iwe Shangani, Ligula au Rahaleo, mara nyingi hukutana na kelele ambazo hakuwahi kuzizoea: kiti kinachoburutwa, kisigino kinachogonga, mchi unaotwanga kisamvu juu ya kichwa chake. Marumaru hupendwa hapa kwa sababu za msingi, kwani hubaki baridi wakati wa joto na husafishika kwa urahisi, na si haki kumtaka jirani azing'oe. Linalowezekana ni kulainisha pale sakafu inapogongwa.

Sauti ya mazungumzo au ya redio husafiri hewani, na zege zito huizuia kwa kiasi kikubwa. Kishindo hakizuiliki hivyo, kwa kuwa huingia ndani ya zege lenyewe, kikasambaa hadi kwenye nguzo na kuta, kisha kikatokea chumbani mwako kikiwa sauti. Ndiyo maana dari ya jipsamu iliyofungwa moja kwa moja kwenye zege huleta nafuu ndogo mno ikilinganishwa na gharama yake, na ninamsihi kila mpangaji asikubali kuuziwa dari hiyo kama tiba. Hata dari iliyoning'inizwa kwa vishikizo vyenye mpira haiwezi kuzuia kishindo kinachoteremka kupitia kutani. Kitambaa au mpira uliowekwa juu, kati ya kitu kinachogonga na marumaru, hufanya kazi kubwa zaidi kwa fedha kidogo.

Kabla ya kupanda ngazi, sikiliza kwa siku kadhaa na uandike ni sauti gani, saa ngapi na kutoka chumba kipi. Thibitisha pia kwamba inatoka kwa jirani unayemdhania, kwa maana kishindo husafiri ndani ya zege hata kwa ubavu, na familia iliyo juu yako huenda haihusiki kabisa.

Mazungumzo ndiyo hatua inayoamua kila kitu. Usiende usiku huku kelele ikiendelea na hasira ikiwa juu, wala usianzie kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji, ambako mtu huona ameaibishwa mbele ya wenzake. Nenda jioni, piga hodi, salimia ipasavyo, kisha useme jambo moja lililo wazi: "Shikamoo mama. Mimi ni jirani yako wa chini. Samahani kwa kukusumbua, nadhani hamna habari kwamba viti vya mezani vikivutwa usiku, sauti inashuka yote chumbani tunakolala." Mkaribishe ashuke kwako, mtoto wake abaki juu akivuta kiti. Anayeishi juu hasikii kile unachokisikia wewe, na akikisikia mwenyewe hutahitaji maneno mengi.

Omba mambo madogo yanayotekelezeka. Miguu ya viti na meza ivishwe vipande vya tyubu ya baiskeli au vitambaa vizito vilivyogundishwa, ambavyo hukaguliwa mara kwa mara kwa sababu huchakaa. Ndani zivaliwe kandambili za soli laini badala ya viatu vya mchuchumio. Mkeka wa ukili peke yake ni mwembamba. Ukitandikwa juu ya kapeti au tabaka la mpira hupunguza milio mikali vizuri, ingawa kishindo kizito cha mtu anayekanyaga kwa kisigino hupungua kidogo tu. Anzeni na njia inayopitwa sana na chumba wanachochezea watoto. Kinu kiwekwe juu ya magunia yaliyokunjwa mara kadhaa au, vizuri zaidi, kitelemshwe uani, kwa sababu hakuna tandiko litakalomeza kishindo chote cha mchi. Kuwa tayari kuchangia gharama. Jambo hilo hulainisha mazungumzo kuliko hoja yoyote.

Usiombe watoto wanyamaze mchana kutwa. Ombeni saa za utulivu, na katika mwezi wa Ramadhani mzitazame upya, kwa kuwa jikoni kutakuwa na harakati wakati wa daku na hilo halipaswi kugeuzwa kosa.

Ikishindikana, mweleze mwenye nyumba au msimamizi wa jengo kwa maandishi, ukiambatanisha kumbukumbu zako, halafu umwombe mwenyekiti wa mtaa awasuluhishe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inagusa kelele, lakini kwa viti na nyayo ningeitumia mwishoni kabisa, kwani mara nyingi ugomvi wa aina hiyo hudumu kuliko kelele zenyewe.

Kwa mwenye jengo anayekarabati, huu ndio wakati wa kumaliza tatizo. Kabla ya marumaru mpya kuwekwa, fundi atandike tabaka la mpira au la koki (gamba laini la mti, kama la vizibo vya chupa) lililotengenezwa kwa ajili ya sakafu, na aache nafasi ndogo ukutani pande zote, ijazwe kitu laini badala ya saruji. Marumaru zikigusana na ukuta hata mahali pamoja, kishindo hupita hapo, kwa hiyo simamia kazi hiyo mwenyewe kabla kingo hazijafunikwa.