Miadi ya daktari wa msingi kwa familia ya askari wa Marekani: anzia DEERS

Miadi mingi hukwama kabla simu haijapigwa, kwa sababu jina la mke, mume au mtoto halimo kwenye DEERS, daftari linaloonyesha nani ana haki ya kutibiwa na jeshi. Askari huingizwa moja kwa moja. Familia haiingii mpaka yeye aisajili.

Weka nafasi kwenye ofisi ya vitambulisho kambini. Beba vyeti halisi vya ndoa na vya kuzaliwa, namba za Social Security, na vitambulisho viwili kwa kila mtu mzima, kimoja kiwe na picha. Cheti kisicho cha Kiingereza kiambatane na tafsiri iliyothibitishwa. Askari akiwa mbali, mwenzake aende na fomu DD 1172-2 (ya kuomba kusajiliwa DEERS) ambayo askari amekwisha kuisaini ipasavyo, au hati ya uwakilishi. Linganisheni majina mapema. Kwetu Afrika Mashariki jina la babu huwamo kwenye cheti kimoja na kukosekana kwenye pasipoti, na tofauti hiyo inatosha kuwarudisha nyumbani.

Kisha jiungeni na TRICARE Prime, mpango wa bima ya afya ya jeshi wenye daktari wa msingi, ndani ya siku 90 tangu ndoa au mtoto kuzaliwa, mpangiwe daktari wa msingi. Wazazi wa askari hawaingii Prime hata kama anawatunza, jambo linalowaumiza wengi wetu. Wakisajiliwa kuwa wategemezi, wanaweza kuonwa hospitali ya jeshi nafasi ikiwepo.

Daktari akiwa wa kambini, omba miadi kwa MHS GENESIS, tovuti ya wagonjwa ya hospitali za jeshi, au kwa simu ya kliniki. Eleza dalili na zimeanza lini, maana ndizo zinazoamua foleni: ugonjwa unaohitaji haraka huonwa ndani ya saa 24, wa kawaida ndani ya siku 7, na daktari bingwa ndani ya siku 28. Ukiambiwa hakuna nafasi, usikubali tu kupiga tena kesho. Taja muda huo kwa upole na uulize utapelekwa wapi.

Usiku, piga 1-800-874-2273, chagua 1, uongee na muuguzi. Familia huenda kliniki ya haraka bila rufaa. Askari aliye kazini, isipokuwa wa Prime Remote (mpango wa wanaoishi mbali na hospitali za jeshi), apate rufaa kwanza. Dharura ya kweli ni 911, bila kuomba ruhusa.

Kwa bingwa, subirini rufaa. Mwanafamilia akienda bila hiyo, atalipa dola 300 za kwanza kwa mwaka, halafu nusu ya gharama inayokubaliwa.

Mkihamishwa kambi, badilisheni anwani kwenye DEERS na mhamishe uandikishaji wa Prime. Msipofanya hivyo, daktari wenu atabaki yule wa kambi ya zamani.