Kuratibu wanachuo wanaojitolea kufundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu): hatua kwa hatua

Tangaza chuoni kwamba unatafuta wa kufundisha watoto kusoma, watajaa. Kazi ni kuwabakiza. Mtoto wa darasa la tatu ambaye bado hajui kusoma amekwishakata tamaa mara nyingi. Akimzoea dada au kaka fulani, kisha asimwone tena, ndiyo anajifunga kabisa. Kwa hiyo panga kila kitu ili sura ileile irudi kwa watoto walewale.

1. Anzia shuleni. Nenda kwa mwalimu mkuu na barua ya chuo, na afisa elimu kata ajue mapema. Mwulize mwalimu wa darasa wasiojua kusoma ni wangapi, na chumba kipi kiko wazi baada ya vipindi. Shule inayosomesha kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, huenda isiwe na chumba mchana. Chini ya mwembe panafaa, mradi ubao upo.

2. Linganisha kalenda mbili, ya chuo na ya shule. Ondoa wiki za UE (mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula), na siku za mtihani wa taifa wa darasa la saba mwezi Septemba. Zinazobaki ndizo unazoweza kuwaahidi watoto. Bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo wa mwanachuo) likichelewa nauli hukosekana, kwa hiyo wape wanachuo shule wanayoweza kuifikia kwa miguu.

3. Chagua watu. Kila mmoja ataje siku moja ya wiki atakayoishika muhula mzima. Asiyeweza apewe kazi nyingine, kama kuandika kadi za silabi. Usiangalie GPA (wastani wa alama zake). Mkalishe na mtoto mmoja anayesoma, utazame mtoto akikwama: yupo atakayemtajia neno papo hapo, na yupo atakayemwachia nafasi ya kulitafuta. Wa pili ndiye unayemtaka. Wa kwanza anafundishika, ila asianze peke yake.

4. Pima, kisha panga makundi kwa kiwango. Mpe kila mtoto silabi, kisha maneno, aya na hadithi fupi. Ndivyo Uwezo, mpango wa kiraia wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walivyopima Kiswahili Tanzania. Wa darasa la nne anayeishia kwenye silabi akae na wenzake wa silabi, hata kama ni wa darasa la pili, lakini mweleze kwa upole na faragha. Kundi liwe na watoto watano au sita na wakufunzi wawili, yaani wanachuo wako, ili mmoja akiumwa kipindi kisife.

5. Ulinzi wa mtoto hauna mjadala. Mkufunzi asibaki peke yake na mtoto, asimpige picha, asimpe zawadi ya siri. Mtoto akieleza ukatili, mkufunzi asimwahidi kutunza siri: amwone mwalimu wa malezi au ofisa ustawi wa jamii, au apige 116, simu ya msaada kwa mtoto, bila malipo. Wasomee haya wote kabla ya siku ya kwanza, kisha wasaini.

6. Weka daftari moja, libaki shuleni. Tarehe, waliohudhuria, kilichofundishwa, aliyekwama wapi. "Juma: ba be bi sawa, anachanganya da na ba." Mstari kama huo unamtosha mkufunzi wa kesho. Jioni ya kuamkia kipindi, andika kwenye kundi la WhatsApp: "Kesho saa tisa. Unafika au huji?" Asiyejibu mpigie.

7. Watajie watoto siku ya mwisho wiki mbili kabla. Siku hiyo wapime tena kwa ngazi zilezile, na mkabidhi mwalimu wa darasa matokeo, jina kwa jina, pamoja na daftari.